Ford: Gari lililopanda Mau kinyumenyume

UKITAJA neno Ford mbele ya wakaazi wa Nakuru, jibu utakalopata litategemea umri wa yule unayezungumza naye. Kijana atafikiria pikapu kubwa ya Ranger inayompita kwa kasi barabarani. Mtu wa makamo atakumbuka siasa, kwani Agosti 1991 wapinzani walianzisha vuguvugu lililopewa jina hilo, na mwaka uliofuata likapasuka na kuzaa Ford-Kenya na Ford-Asili. Lakini mzee aliyelima ngano Njoro, Rongai au Mau Narok hana habari na hayo yote. Kwake yeye Ford ni chuma. Ni lori, ni motokaa, na zaidi ya yote ni trekta la rangi ya buluu.

Makala haya ni ya huyo wa tatu. Wanasiasa wana kurasa zao.

Kampuni ya Ford iliundwa Juni 1903 katika mji wa Detroit, Marekani, na Henry Ford, mtoto wa mkulima ambaye hakupenda kazi ya shamba hata kidogo. Oktoba 1908 alitoa gari lililobadilisha dunia, nalo ni Model T. Magari ya wakati huo yalikuwa ya matajiri, yakitengenezwa moja moja kama viatu kwa fundi. Mwaka wa 1913 Ford aliwapanga wafanyakazi wake kwenye mstari, gari likawa linavutwa kupita mbele yao, kila mtu na skrubu yake. Kazi ya kuunganisha gari ambayo awali ilichukua zaidi ya saa 12 ikawa inachukua saa moja na nusu hivi. Bei nayo ikaporomoka. Gari lililouzwa dola 850 lilipoanza, kufikia katikati ya miaka ya 1920 lilipatikana kwa chini ya dola 300. Hadi lilipoachwa kutengenezwa mwaka wa 1927, magari zaidi ya milioni 15 yalikuwa yameuzwa.

Nakuru wakati huo ilikuwa changa. Reli ilikuwa imefika mwaka wa 1900, kwa hivyo Model T lilipozaliwa mji huu ulikuwa na umri wa miaka minane tu. Walowezi walikuwa wakisafiri kwa mikokoteni ya ng'ombe, na safari ya kutoka Njoro hadi stesheni ya Nakuru wakati wa mvua ilikuwa shughuli ya siku nzima.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba tawi la Ford la Kanada, lililoanzishwa mwaka wa 1904, ndilo lililokuwa na haki ya kuuza magari hayo katika makoloni ya Mwingereza. Uingereza yenyewe haikuhesabiwa humo. Kwa hivyo gari lililoitwa la Mmarekani hapa kwetu mara nyingi lilikuwa na mizizi Kanada.

Vita Vikuu vya Kwanza ndivyo vilivyoithibitishia Afrika Mashariki kwamba Ford inafaa. Jeshi la Uingereza lilipokuwa likimfukuza Mjerumani Von Lettow-Vorbeck huko Tanganyika, malori mazito yalizama matopeni, lakini vigari vyepesi vya Ford vilisukumwa na wanaume wachache vikatoka. Hata hivyo tusidanganyane. Mzigo mkubwa wa vita hivyo ulibebwa na vichwa vya Waafrika, wale wapagazi wa Kariakoo, na makumi ya maelfu yao hawakurudi nyumbani. Baada ya vita, mwaka wa 1919, serikali iliwagawia wanajeshi wa kizungu mashamba katika nyanda za juu. Wengi wao walikuwa wameshayaona magari hayo kazini.

Sanduku lenye magurudumu

Mlowezi hakutaka gari la fahari. Alichotaka ni chesisi na injini. Fundi wa hapa alimtengenezea bodi ya mbao nyuma, mfano wa sanduku lililo wazi pembeni na paa juu, ambamo waliingia watu, mbuzi, magunia, na hata mgonjwa akipelekwa hospitali. Magari hayo ya sanduku ndiyo yaliyotawala barabara za Bonde la Ufa kwa miaka mingi, ikiwa tunaweza kuziita barabara.

Kuwasha Model T kulikuwa na kanuni zake kama sala. Halikuwa na ufunguo wa kuzungusha kama magari ya leo. Kwanza unarudisha nyuma wakati wa cheche kwa mkono mdogo ulio kando ya usukani. Kisha unaenda mbele ya gari, unavuta waya wa kuongeza petroli, unaishika hendeli na kuizungusha. Ukisahau ule mkono wa cheche, injini inarudi nyuma ghafla na hendeli inakupiga teke. Mikono mingi ilivunjika namna hiyo, huko Marekani na kwingineko. Aliyejua alishika hendeli na kidole gumba kikiwa upande mmoja na vingine, asiizungushie mkono wote, na aliivuta kwenda juu badala ya kuisukuma kwenda chini.

Na ni nani aliyepiga hendeli? Mwenye gari mara nyingi alikuwa amekaa kwenye usukani, na mbele ya gari alikuwapo kijana Mwafrika, taniboi. Jina lenyewe lilitokana na kazi hiyo ya kuzungusha. Historia za magari zilizoandikwa zimejaa majina ya waliokaa. Za waliosimama mbele ni chache mno.

Asubuhi za Molo na Mau Narok, kukiwa na umande wa barafu juu ya majani, kulikuwa na hatari nyingine. Oili ikiganda, klachi ya Model T haikuachia vizuri. Injini ikishika tu, gari linaanza kutambaa mbele lenyewe, na yule aliyepiga hendeli anajikuta akisukumwa ukutani na gari analolihudumia. Dawa iliyojulikana ilikuwa kuinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki kabla ya kuwasha.

Dereva wa leo angewekwa ndani ya gari hilo asingeweza kulitoa hata langoni. Lilikuwa na pedali tatu, lakini hakuna iliyokuwa ya petroli, kwani petroli iliongezwa kwa mkono kwenye usukani. Pedali ya kushoto ukiikanyaga kabisa unapata gea ndogo, na ukiiachia unapata kubwa. Ya katikati ni ya kurudi nyuma. Ya kulia ni breki, na breki yenyewe ilibana ndani ya gea wala si kwenye magurudumu. Katika miteremko mirefu, mikanda ya breki hiyo ililika upesi, na dereva mjanja alikuwa akikanyaga rivasi kidogo kidogo ili kupunguza kasi.

Sasa tuje kwenye kile kichekesho cha kupanda mlima kinyumenyume, ambacho wasiojua hudhani ni porojo za wazee. Tangi la petroli lilikuwa chini ya kiti cha mbele, na hakukuwa na pampu. Petroli iliteremka yenyewe hadi kwenye kabureta. Gari likiinua pua mlimani na tangi likiwa limepungua, kabureta inakuwa juu kuliko petroli, na injini inakata. Isitoshe, gea ya kurudi nyuma ndiyo iliyokuwa na nguvu kuliko zote. Kwa hivyo dereva aligeuza gari, akatazama alikotoka, na kuupanda mlima kwa matako. Haikuwa na geji ya petroli pia. Uliondoa mto wa kiti na kutumbukiza kijiti.

Milima ya Mau ilikuwa na ukatili wake wa ziada. Injini huvuta hewa, na hewa ya juu ni nyepesi. Kila ukipanda mita 300 injini ya kawaida hupoteza asilimia tatu hivi ya nguvu zake. Model T lilikuwa na nguvu za farasi 20 tu. Likifika Mau Summit, takriban mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, lilikuwa limebakiwa na 15 hivi. Maji nayo huko juu huchemka mapema, kwenye nyuzi 92 hivi badala ya 100. Ndiyo maana safari ya kutoka Nakuru kwenda Londiani ilikuwa ya kusimama kila kijito na kujaza rejeta kwa debe.

Mwaka wa 1932 Ford ilitoa injini ya silinda nane kwa bei ambayo mtu wa kawaida wa Marekani aliimudu. Ilikuwa na nguvu, lakini moshi wake ulipitishwa katikati ya bloki kabla ya kutoka nje, kwa hivyo ilikuwa na joto jingi. Tabia ya kuchemsha chai haikuisha.

Dereva anakuwa mwenye gari

Vita Vikuu vya Pili vilifanya jambo ambalo walowezi hawakulipangia. Jeshi lilihitaji madereva na makanika kwa maelfu, nao wakafunzwa vijana wa Kiafrika. Malori waliyoyaendesha, mengi yalikuwa yametengenezwa Kanada na Ford na Chevrolet kwa ajili ya majeshi ya Mwingereza. Vita vilipokwisha mwaka wa 1945, jeshi liliuza malori yaliyobaki, na baadhi ya askari waliorudi na akiba zao wakaungana watatu wanne kununua lori moja. Waliojaribu biashara hiyo walikutana na leseni, mikopo iliyonyimwa na spea za bei ya kuruka. Wengi walianguka. Lakini kwa mara ya kwanza, aliyepiga hendeli na aliyekaa kwenye usukani walikuwa watu wa nyumba moja.

Kufikia miaka ya 1950 na 1960, Ford zilizoonekana Nakuru hazikuwa tena za Kanada bali za kiwanda cha Dagenham karibu na London: Zephyr, Consul, Anglia, na kuanzia mwaka wa 1962, Cortina. Baada ya uhuru, Anglia lilikuwa miongoni mwa magari ya mwalimu mkuu na karani wa serikali. Lile dirisha lake la nyuma lililolala kwa kuingia ndani halikusahaulika. Wenzake walisema limewekwa kinyume, na mwenyewe alijibu kwamba mvua haikai juu yake, jambo ambalo ni kweli.

Sifa za Ford zilipandishwa na Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka wa 1953. Vic Preston na D.P. Marwaha walishinda kwa Zephyr mwaka wa 1955. Mwaka wa 1963 magari 84 yaliondoka na saba tu yakarudi, na mojawapo ya hayo saba lilikuwa Anglia la Peter Hughes lililochukua nafasi ya pili. Mwaka uliofuata Hughes alirudi na Cortina akashinda. Taunus ilishinda mwaka wa 1969. Kisha mwaka wa 1972 Hannu Mikkola wa Finland alishinda kwa Escort, akiwa dereva wa kwanza kutoka ng'ambo kulinyakua kombe hilo, na mwaka wa 1977 Björn Waldegård wa Uswidi akafanya vivyo hivyo katika mvua na matope ya kutisha. Colin McRae alishinda kwa Focus mwaka wa 1999 na tena 2002, kabla ya Safari kuondolewa kwenye mashindano ya dunia hadi iliporejeshwa mwaka wa 2021, makao yake yakiwa Naivasha.

Lakini kushinda rally ni kitu kimoja na kumridhisha mwenye duka wa Subukia ni kitu kingine. Peugeot 404, na baadaye 504, ilibeba mzigo mkubwa zaidi na ikavumilia mashimo. Datsun na Toyota zikaja na bei nafuu na spea kila kona. Ford iliendelea kuonekana kwenye matatu. Thames na Transit zilikuwa miongoni mwa magari ya mwanzo ya kazi hiyo, hasa baada ya Mzee Kenyatta kuyaruhusu mwaka wa 1973 yabebe abiria bila leseni maalum. Miaka ya 1990, magari makuukuu ya Japani yalipoanza kumiminika, Anglia na Cortina zilizobaki zikageuka mabanda ya kuku.

Ile ya buluu

Kwa maoni yangu, Ford halisi ya Bonde la Ufa si gari bali ni trekta. Henry Ford, yule aliyechukia jembe, alianza kuuza trekta lake la Fordson mwaka wa 1917. Lilikuwa rahisi na jepesi, na pia muuaji. Plau ikikwama kwenye kisiki, magurudumu ya nyuma yaliendelea kuvuta, na trekta likainuka mbele na kumpindukia dereva. Fikiria hatari hiyo katika shamba jipya lililokatwa msitu.

Tatizo hilo lilitatuliwa na Harry Ferguson wa Ireland, ambaye alifunga plau kwenye trekta kwa mikono mitatu inayoinuliwa kwa nguvu ya oili. Mwaka wa 1938 yeye na Ford walikubaliana kwa kupeana mikono tu, bila karatasi, na trekta lao likatoka mwaka wa 1939. Ford mzee alipong'atuka, mjukuu wake akauvunja mkataba huo. Ferguson alienda mahakamani, na mwaka wa 1952 Ford ililipa dola milioni 9.25. Ferguson akaungana na kampuni ya Massey-Harris. Kwa hivyo ule ubishi wa wakulima wa Njoro kuhusu trekta jekundu la Massey na la buluu la Ford ni ugomvi wa watu waliowahi kula sahani moja, na ndiyo maana plau ya moja huingia kwenye jingine bila taabu.

Ford 5000, lililoanza kutengenezwa katikati ya miaka ya 1960, lilifika wakati mashamba yalipokuwa yakibadilisha mikono. Makampuni ya kununua mashamba kama Ngwataniro na Ndeffo yalikusanya shilingi za wanachama na kununua mashamba ya walowezi, na baadaye ardhi ikakatwa vipande. Mwenye ekari tatu hana haja ya trekta lake mwenyewe, lakini anahitaji kulimiwa kabla ya mvua ya Machi. Aliyekuwa na Ford moja aliweza kulimia kijiji kizima kwa malipo ya ekari, na karo ikapatikana.

Familia moja ya upande wa Njoro, ambayo imeomba isitajwe jina, ni mfano wa hayo. Baba alinunua Ford 5000 lililotumika mwishoni mwa miaka ya 1970 na kulilimia eneo hilo kwa zaidi ya miaka 20. Watoto wote wanne walisoma kwa trekta hilo. Alipofariki, kijana mkubwa aliliendesha hadi siku oili ilipogeuka rangi na kuwa kama maziwa ya chai. Maji yalikuwa yameingia ndani ya injini.

Huo ndio ugonjwa wa injini hizi, na yeyote anayemiliki moja afaa kuujua. Silinda zake hazina laina. Pistoni hutembea ndani ya bloki lenyewe. Injini ya dizeli inapopiga, ukuta wa silinda hutikisika na kufanya mapovu madogo upande wa maji. Mapovu hayo yakipasuka hudonoa chuma, mpaka siku moja kinatoboka tundu dogo kama la sindano. Anayetumia maji matupu ya mto kwenye rejeta, kama walivyofanya wengi, huharakisha mambo. Dawa ya rejeta ya kuzuia kutu hugharimu fedha, lakini si kama bloki. Baada ya tundu kutokea, tiba ni kulichonga bloki na kulitia laina, na ni mashine chache za Nakuru zinazoifanya kazi hiyo kwa usahihi.

Katika familia hiyo, kijana mdogo alitaka trekta liuzwe kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Walikuwa wamekwisha kuja na mizani. Bei haikuwa mbaya, na yeye alikuwa na deni la pikipiki. Mama alikataa. Alitoa daftari la shule ambalo marehemu mumewe alikuwa akiandika kila ekari aliyolima, tarehe, jina la mwenye shamba, na kilicholipwa. Kurasa za mwisho zilikuwa na majina ya majirani ambao hawakumaliza kulipa. Baadhi yao bado wanapita hapo kila siku wakimsalimu. Hoja ya mama ilikuwa kwamba trekta likiwa bado limesimama uani, wanaodaiwa wanakumbuka. Likiondoka kwa kilo, deni nalo limeondoka.

Kijana mdogo alimjibu mamake kwa heshima kwamba daftari halilipi mkopo, na hapo hakuwa amekosea. Serikali ilipopiga marufuku biashara ya vyuma vikuukuu Januari 2022, baada ya kuharibiwa kwa minara ya umeme, wanunuzi walitoweka na mjadala ukapoa. Marufuku ilipoondolewa Mei mwaka huo, mizani ikarudi.

Anayetaka spea hajakwama kabisa. Fiat ya Italia iliinunua biashara ya matrekta ya Ford mwaka wa 1991, na matrekta hayo huuzwa kwa jina la New Holland, rangi ikiwa ile ile ya buluu. Pistoni, gasketi na pampu za 5000 na ndugu yake 6600 hutengenezwa na viwanda kadhaa duniani. Wasiwasi ni ubora, kwa sababu kuna za bei rahisi ambazo hazimalizi msimu. CMC, kampuni iliyowahi kuuza Ford na New Holland nchini, ilitangaza Januari 2025 kwamba inafunga shughuli zake Afrika Mashariki, habari iliyowatia wasiwasi wakulima wengi.

Mambo yalivyo sasa katika boma lile la Njoro ni kwamba dada yao anayefanya kazi Nairobi amelipa sehemu ya deni la pikipiki, kwa masharti kwamba trekta lisiguswe. Injini imeshushwa. Kijana mkubwa aliipakia kwenye pikapu ya jirani, mmoja wa wale walio kwenye daftari, ambaye hakumtoza nauli. Fundi wa mjini amelipima bloki na kukuta silinda mbili zimetoboka, lakini ameshauri zote nne zitiwe laina kwa pamoja. Malipo ya kwanza yametolewa. Yaliyobaki yanangoja mahindi yakauke.